Siku polisi walipokamata pipa: mzaha na kejeli kama njia ya kupinga watawala

Kibatari (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kijiweni palizuka ubishi. Jamaa mmoja alilalamika kwamba tumezidi kugeuza kila jambo utani: nauli ikipanda tunachora vibonzo, bunge likitukera tunatunga vichekesho, na tukishacheka tunaenda kulala. Mwenzake akamjibu kwamba wakubwa hawaogopi mawe, maana mawe wanayo majibu yake. Wanachoogopa ni kuchekwa. Mimi nilinyamaza kwa kuwa chai ilikuwa ya moto, ila nikasema hili nitalileta humu.

Naanzia mbali, Belgrade, mwishoni mwa miaka ya 1990. Serbia ilikuwa chini ya Slobodan Milošević. Nchi ilikuwa imepigana vita mfululizo, maisha magumu, polisi hawana simile. Oktoba 1998 wanafunzi wachache wa chuo kikuu walianzisha kikundi wakakiita Otpor, yaani ukinzani. Alama yao ilikuwa ngumi iliyokunjwa. Hawakuwa na bunduki wala redio, na pesa za kukodi uwanja hawakuwa nazo.

Siku moja walichukua pipa la chuma, wakalibandika picha ya Milošević, wakaliacha kwenye mtaa wa maduka wenye watu wengi. Pembeni wakaweka rungu. Maelekezo yalikuwa mafupi: tumbukiza sarafu, shika rungu, lipige. Kama huna sarafu kwa sababu ya siasa zake, lipige mara mbili. Baada ya hapo vijana wakajiondokea, wakaenda kukaa mgahawani kunywa kahawa na kutazama.

Mtu wa kwanza alipiga kwa woga, akaangalia kushoto na kulia. Wa pili akapiga kwa nguvu kidogo. Muda si mrefu kukawa na foleni, na ndani yake akina mama na mifuko yao ya sokoni na wazee waliotoka kununua mkate, mtaa mzima unavuma kama karakana ya mabati.

Polisi wakafika. Haya, wewe ndiye askari wa zamu, unafanyaje? Wenye pipa hawaonekani. Ukiwakamata wanaopiga, utajaza gari akina mama na watoto. Ukiliacha, foleni inakua na kesho mtaa wa pili utakuwa na pipa lake. Njia mbili zilimshinda fisi. Askari wakachagua wanavyojua wao: wakalikamata pipa, wakalibeba mpaka kwenye gari lao wakaondoka nalo. Wapiga picha walikuwa tayari, na nchi nzima ikaona dola ya Milošević imetia pipa mbaroni.

Nilichotaka tujadili ni hiki: pale ni nini hasa kilifanya kazi? Wengi husema ni uchekeshaji. Mimi nadhani ni lile rungu. Nitaeleza, ila kwanza niwasikie.

Ngoja Waje

Nimekaa mstari wa mbele kabisa. Mwenye kahawa na kashata apitishe huku.

Bibi Mkeka

Mleta mada, hilo pipa lilipewa dhamana au mpaka leo liko mahabusu?

Kibatari

Bibi Mkeka, dhamana yake sijaisikia 😀. Lakini halikuwa peke yake kituoni. Mke wa Milošević, Mira Marković, alikuwa na mazoea ya kuchomeka ua kwenye nywele. Vijana katika mji wa Kragujevac wakachukua bata mzinga, wakawafunga maua meupe kichwani, wakawaachia mtaani. Kwa Waserbia, kumwita mwanamke bata mzinga ni tusi la kumwambia hana akili. Polisi wakaonekana mchana kweupe wakikimbizana na bata mzinga barabarani. Huwezi kumwogopa mtu aliyeshindwa mbio na bata mzinga.

Jiwe la Kusagia

Mkuu hadithi tamu, ila tusidanganyane. Milošević hakuangushwa na pipa wala bata. Alishindwa uchaguzi wa Septemba 2000, akataka kung'ang'ania, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kolubara wakagoma, na tarehe 5 Oktoba umati ukaingia Belgrade na kulivamia bunge. Kilichomwondoa ni mgomo, kura na umati. Mzaha ni chumvi tu, na hakuna aliyewahi kushiba chumvi.

Isitoshe, kucheka kunapunguza hasira. Mtu akishacheka anahisi amefanya jambo, kumbe hajafanya kitu. Mtawala mwenye akili anawaacha mcheke mpaka mchoke.

Kibatari

Jiwe, umesema kweli kuhusu mgomo na kura, sikupingi hata nukta. Lakini jiulize wale waliogoma na kujaa barabarani walitoka wapi. Mwaka 1998 Mserbia wa kawaida alijua mambo mawili: kwanza kwamba amechoka, pili kwamba akisema atapotea. Jambo la tatu hakulijua, nalo ni kwamba jirani yake naye amechoka. Kila mtu alikuwa amefungiwa chumba chake. Foleni ya pipa iliwaonyesha watu idadi yao. Unasimama nyuma ya mwalimu wa mwanao, nyuma yako kuna muuza samaki, na wote mnasubiri zamu ya kumpiga rais rungu. Jioni ukirudi nyumbani hofu yako si ile ya asubuhi.

Ndiyo maana nikasema rungu. Mchekeshaji jukwaani anakuchekesha wewe umekaa. Pipa lilikutaka unyanyue mkono.

Jiwe la Kusagia

Hapo nitakubali nusu. Nusu nyingine naiweka akiba.

Mkaaji wa Eastlands

Wadau, mimi niko Nairobi, Kiswahili changu mtanisamehe mapema.

Hii maneno ya jukwaa na rungu imenigusa kwa sababu sisi tumepitia zote mbili. Wale wazee wa humu watakumbuka enzi za Moi. Kumtaja rais kwa mzaha ilikuwa kitu ya kunong'ona ndani ya nyumba, redio ikiwa juu. Halafu mwisho wa miaka ya 90 wakatokea vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliojiita Redykyulass: Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie tunayemwita KJ. Mong'are aliigiza Moi mwenyewe, ile sauti nzito, ile rungu yake ya fedha, kila kitu. Nilikuwa mdogo, nakumbuka baba yangu akicheka kwanza halafu anaangalia mlango. Huo mlango ndio historia yenyewe. Miaka michache nyuma hangecheka kabisa.

2002 KANU ikaanguka. Sisemi ni kwa sababu yao. Nasema tu wakati tunaenda kupiga kura hatukuwa tunaangalia mlango tena.

Sasa sikiza mwisho wake. KJ akaingia siasa, na 2017 akachaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Juni 2024 Gen Z wamejaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, yeye ni mbunge wa upande wa serikali. Akasimama bungeni akasema picha za yale maandamano zimetengenezwa, si za kweli. Huyu ndiye alitufundisha kucheka rais! Hiyo wiki alichekwa vile sijawahi ona mtu akichekwa. Mong'are naye 2022 alitaka urais, karatasi zikakwama kwa mambo ya shahada.

Kwa hivyo Kibatari ukisema mchekeshaji wa jukwaani si sawa na pipa, mimi nakuelewa sana. Jukwaa linaweza kuhama na mwenyewe akahamia ng'ambo ile ingine. Pipa halina mwenyewe.

Ngoja Waje

Hii ya KJ imenimaliza. Kashata zimeisha.

Jiwe la Kusagia

Mkaaji, na wale nguruwe wa bungeni je? Maana hao ndio mfano wanaopenda kuutaja watu wa semina.

Mkaaji wa Eastlands

Ah, nguruwe. Tarehe 14 Mei 2013. Wabunge walikuwa wametoka tu kuchaguliwa, kitu ya kwanza wakataka mshahara. Tume ya mishahara ilikuwa imewapangia kama shilingi 532,000 kwa mwezi, wao wakataka warudishiwe 851,000 za bunge lililopita. Boniface Mwangi, yule mpiga picha aliyegeuka mwanaharakati, na wenzake wakaleta nguruwe mpaka lango la bunge, wakamwaga damu, wakawaachia pale pale. Polisi na marungu wanafukuza watoto wa nguruwe. Picha zikazunguka dunia. Waandamanaji wakakamatwa.

Na matokeo? Mshahara ulibaki pale pale tume iliweka. Lakini wabunge wakapata ruzuku ya kununua gari, milioni 5 kila mmoja. Nguruwe wakaenda kituoni, wabunge wakaenda kwa duka la magari.

Jiwe la Kusagia

Nafunga kesi yangu hapo. Karani andika.

Kibatari

Karani asubiri kidogo.

Nguruwe ni mfano mzuri kwangu kuliko kwako. Walichekesha, walishtua, waliwaweka polisi njia panda kama wale wa Belgrade. Lakini mwananchi wa Nairobi siku ile alipewa nini cha kufanya? Kutazama. Ilikuwa tamthilia kali ya watu wachache waliojitoa mhanga, nasi tukawa watazamaji. Na ukiwa Mwislamu wa Pwani huenda hata kutazama hukutaka. Rungu hatukupewa.

Linganisha na Zakayo. Rais Ruto alipoanza kupandisha kodi, Wakenya wakampa jina la yule mtoza ushuru mkuu wa Yeriko, mtu mfupi aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu. Luka 19. Maneno ya Yesu kwenye Biblia yetu ya Kiswahili ni "Zakayo, shuka upesi". Hebu ona kazi ilivyofanyika: neno la mtaani lililobebwa na andiko ambalo kila mtoto wa Sunday school analijua, na ndani yake tayari kuna amri ya kushuka. Halina mtunzi wa kukamatwa. Konda analisema akishusha abiria, bibi analisema kanisani mistari ikisomwa na watu wanakohoa. Rais mwenyewe ikabidi alizoee jina, kulikana asingeweza.

Kisha Juni 2024 wimbo ukawa tayari midomoni. Watu wasio na kiongozi wala ofisi walikuwa na neno moja la kuimba pamoja. Tarehe 25 bunge likavamiwa, tarehe 26 Ruto akatangaza hatausaini mswada. Na hapa tusicheke: vijana walipigwa risasi, na tume ya haki za binadamu ya Kenya ilihesabu vifo zaidi ya 50 katika maandamano ya mwaka ule. Sisemi Zakayo ndiye aliyeshinda. Jiwe atanirukia. Nasema wimbo ulikuwa umeshawakutanisha kabla hawajakutana.

Mwana wa Kuze

Assalaam alaykum jamaani. Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale, na nasoma haya nikicheka pole pole, maana mwayaongea kana kwamba yamezuliwa huko Ulaya.

Mwamjua Muyaka bin Haji? Mshairi wa Mombasa wa zama za watawala wa Mazrui, karne ya 19 mwanzoni, Seyyid Said wa Oman alipokuwa akiutaka mji. Mashairi yake yalikuwa yakitoka hapa kwenda kumchokonoa adui. Watu wakiyahifadhi, mtoto akiyasema bila kujua amebeba mshale.

Tena angalieni wanawake wetu na leso. Mke aliyekerwa na wifi hatamki neno. Anajifunga leso yenye maandishi yake, apita mbele ya mlango mara mbili, ya tatu si lazima. Akiulizwa asema, mimi nimependa rangi. Utamfanya nini? Ukikasirika ndiyo umekubali kwamba maneno ni yako. Na leso yauzwa dukani, kila mtu ana yake, haina mtunzi wa kushikwa. Huo ndio mtego wa pipa, ila wenye pindo na mji.

Fumbo lina ngao yake ndani yake. Kijembe cha wazi unakijibu. Fumbo ukilijibu umejivika.

Bibi Mkeka

Mwana wa Kuze umenikuna. Mama yangu alikuwa na kanga moja hiyo, alipoivaa hata baba alikuwa anakumbuka ana safari.

Kibatari

Mwana wa Kuze, shikamoo yako naituma hukuhuku. Umenipa neno nililokuwa nalitafuta: ngao ndani ya fumbo.

Warusi wa mji wa Barnaul, kule Siberia, walifanya jambo lilelile mwanzoni mwa 2012. Walinyimwa vibali vya kuandamana kupinga uchaguzi, wakapanga wanasesere kwenye theluji: madubu ya manyoya, askari wa plastiki, vigari vidogo, kila kimoja kimeshika kibango chake cha kudai uchaguzi safi. Hakuna binadamu aliyeandamana. Walipoomba kibali cha mara nyingine wakuu wa mji wakakataa kwa barua, wakieleza kwamba wanasesere si raia wa Urusi. Karatasi yenye mhuri wa serikali ikathibitisha kwamba dubu wa manyoya hana haki ya kukusanyika.

Na wazee wa kazi hii walikuwa Wapoland. Miaka ya 1980, chini ya utawala wa kijeshi, kila maandishi ya upinzani yaliyoandikwa ukutani serikali iliyafuta kwa kupaka rangi juu yake, miji ikajaa mabaka. Kijana wa Wrocław, Waldemar Fydrych aliyejiita "Meja", akaanza kuchora vibete wa hadithi za watoto juu ya mabaka hayohayo. Kikundi chake kikaitwa Mbadala wa Rangi ya Chungwa. Tarehe 1 Juni 1988, siku ya watoto, watu zaidi ya 10,000 walipita katikati ya mji na kofia nyekundu-chungwa za ncha kama vibete. Hoja yake Fydrych ilikuwa nyepesi: askari akishakuuliza kwa nini umehudhuria mkutano haramu wa vibete, nani tena atamchukulia kwa uzito?

Tena kofia tu. Mtu yeyote anaweza kuitengeneza mezani kwake.

Tochi ya Mbagala

Mmeenda Poland na Siberia, turudini nyumbani. Kwetu Bongo kucheka kumekuwa na bei. Idris Sultan, yule mchekeshaji, mnamkumbuka? Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Magufuli, aliweka picha aliyobadilisha sura, yake kwa rais na ya rais kwake. Polisi. Mei 2020 akaweka video akicheka picha ya zamani ya rais kwenye suti kubwa. Akawekwa ndani siku kadhaa, na kesi ilipofika mahakamani ikawa ya laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Suti haikutajwa.

Na Gado, mtoto wa Dar aliyekwenda kuchora Nairobi? Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilisimamishwa kuuzwa Tanzania baada ya katuni yake ya Kikwete. Nchi nzima tukatafuta hiyo katuni ambayo wengi tusingeiona.

Lakini mimi sitaki kuishia kwenye "wakikukamata umeshinda". Mtu akiwa ndani ni yeye anayelala sakafuni, sisi tuko nje tunasambaza.

Mkaaji wa Eastlands

Tochi ameongea. Desemba 2024 hapa kwetu kulikuwa na picha za vivuli vya Ruto zikizunguka mtandaoni, nyingine zikimweka ndani ya jeneza. Mchoraji mmoja anayejulikana kama Kibet Bull akatekwa, pamoja na vijana wengine. Krismasi yote watu wanauliza wako wapi. Waliachiliwa Januari 2025. Sijui kama mtu aliyepitia hiyo anaweza kusoma "mtego wa pipa" akacheka.

Kibatari

Nimelisoma mara mbili, Tochi na Mkaaji. Mko sahihi, na niliandika kama mtu aliyekaa kwenye kahawa ya Belgrade.

Ila angalieni nani alikamatwa au kuzimwa na nani hakuguswa. Idris, Gado, Kibet: mzaha wenye sahihi chini. Zakayo hana sahihi, leso haina, wanasesere hawana. Dola inatafuta shingo ya kushika, na mzaha wa mtu mmoja unaipa shingo. Ndiyo maana jukumu la kumlinda mchoraji ni kuichora tena picha yake mara 1,000 usiku huohuo, kila mtu kwa mkono wake, mpaka isijulikane ilitoka wapi. Kusambaza tu hakutoshi. Hilo nalo ni rungu.

Jiwe la Kusagia

Ile nusu yangu ya akiba chukua robo. Robo iliyobaki siitoi. Wrocław siku hizi ina sanamu za shaba za vibete mitaani, mamia, watalii wanapewa ramani za kuwatafuta. Maandamano yamekuwa kivutio. Kila mzaha una tarehe ya kuchacha.

Kibatari

Kweli, unachacha. Na ukichacha unatafuta mwingine.

Nimalizie na ya mtaani kwetu maana niliahidi kijiweni. Mwaka fulani barabara yetu ilikuwa na shimo, mvua ikinyesha linakuwa bwawa. Tuliandika barua, tukahudhuria vikao, tukaambiwa liko kwenye bajeti. Jumamosi moja mzee fundi baiskeli akatoa kiti chake, akakaa ukingoni mwa shimo na fimbo ya kuvulia. Hakusema kitu. Watoto wakaja na vijiti na uzi wa kushonea. Saa nne asubuhi tulikuwa watu kama 20 tunavua, mama ntilie akaleta sufuria akauliza kambale wameshaanza kutoka. Mabodaboda wakipita wanauliza bei ya kilo.

Afisa mmoja, simtaji wala ofisi yake, akafika amenuna. Akatazama, akatafuta wa kumlaumu, mzee akamwonyesha ndoano haina chambo. Akabaki amesimama. Mwishowe akauliza, na wote tulisikia: "Mna kibali cha kuvua?"

Bibi Mkeka

😂😂 Na shimo?

Kibatari

Kifusi kilimwagwa Jumatano. Masika yakakizoa chote. Mzee fundi baiskeli fimbo ameiegesha nyuma ya banda.